Wito kwa Watu wa Moshi: Tuyasome Matangazo ya Kura kwa Macho Mengi

Ndugu zangu wa Moshi Mjini na Moshi Vijijini, wa Vunjo, Rombo, Hai na Siha, nina ombi ambalo halitaki fedha nyingi wala halimlazimu mtu kutaja chama chake. Naomba tuanze kukusanya kila andiko rasmi linalomweleza mwananchi namna ya kujiandikisha na kupiga kura: vipeperushi vya elimu ya mpiga kura, mabango ya ofisi za kata, maelekezo ya vituoni, ujumbe wa simu, matangazo ya redio. Kisha tuyasome kwa makini, sisi wenyewe na kwa msaada wa kompyuta, tuone maneno yake yanaelemea upande gani.

Upendeleo ukitajwa kwenye mambo ya uchaguzi, mawazo ya wengi wetu hukimbilia masanduku na matokeo. Mimi nazungumzia jambo linalotangulia hayo yote. Tangazo linaweza kuwa kweli tupu, kila sentensi imetoka kwenye sheria, na bado likamrudisha mtu mmoja nyumbani na kumtia moyo mwingine. Hakuna aliyedanganya hapo, lakini namna jambo lilivyopangwa na kusemwa imeshafanya kazi yake.

Tuchukue mfano, ambao nimeutunga mwenyewe ili tusimnyooshee mtu kidole. Utaratibu wa uchaguzi mkuu umemruhusu mtu aliyepoteza kadi ya mpiga kura, na ambaye jina lake limo kwenye Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, apige kura kwa kitambulisho cha Taifa, pasipoti au leseni ya udereva. Tangazo la kwanza linasema: "Mtu yeyote asiye na kadi ya mpiga kura hataruhusiwa kupiga kura, isipokuwa awe na kitambulisho cha Taifa, pasipoti au leseni ya udereva, na taarifa zake ziwe zinalingana na zilizomo kwenye Daftari." La pili linasema: "Umepoteza kadi? Kama jina lako limo kwenye Daftari, bado una haki ya kupiga kura. Njoo na kitambulisho cha Taifa, pasipoti au leseni ya udereva, chenye taarifa zinazolingana na zilizomo humo."

Utaratibu ni ule ule. Sasa mfikirie mama anayeuza ndizi soko la Mbuyuni, kadi yake imepotea wakati wa kuhama nyumba. Anasikia la kwanza likisomwa kwa sauti na mtu aliyesimama mbele ya ubao. Likifika kwenye "hataruhusiwa kupiga kura" ameshageuka kuwahi biashara yake, na ile "isipokuwa" inasomwa yeye hayupo. Mwenye pasipoti na leseni hasumbuliwi na tangazo lolote kati ya hayo mawili, kwa kuwa amezoea kuulizwa vitambulisho na anavyo mfukoni. Kwa hiyo tangazo la kwanza limemwelemea maskini bila aliyeliandika kukusudia. Nami naamini mara nyingi ndivyo inavyokuwa: mwandishi wa tangazo amenakili lugha ya kanuni kwa sababu muda umembana na anaogopa kukosea sheria.

Jambo hili tunalo tangu zamani. Wazee wetu wanakumbuka jembe na nyumba. Kuanzia uchaguzi wa mwaka 1965 hadi ule wa 1990, katika mfumo wa chama kimoja, jimbo lilikuwa na wagombea wawili wa ubunge, na kila mmoja alipewa alama ili asiyejua kusoma naye apate kuchagua. Mmoja alipata jembe, mwingine nyumba. Zilikuwa alama rasmi, zimetolewa kwa nia njema, na kwa macho ya mwenye kuzipanga zilikuwa sawa. Mtaani hazikuwa sawa. Nchi nzima ilikuwa ikihubiriwa kilimo, na aliyepata jembe alipanda jukwaani akiwa ameshasaidiwa na kila hotuba ya serikali. Wagombea wa nyumba walilazimika kutafuta maneno ya kuipandisha nyumba hadhi. Watu wakawa wanabishania alama badala ya kubishania sifa za wagombea. Hakuna mahali palipoandikwa "mchagueni wa jembe", na wala haikuhitajika.

Huku mlimani tumeshapiga kura nyingi, nyingine kabla ya Uhuru. Mwaka 1951 Wachagga walipiga kura kumchagua Mangi Mkuu, yaani chifu wa Wachagga wote, akashinda Thomas Marealle, akasimikwa Januari 1952. Mwaka 1960 wakapiga kura tena, cheo hicho kikaondolewa, na Solomon Eliufoo akachaguliwa kuwa Rais wa Wachagga. Katikati ya miaka hiyo Baraza la Wachagga lilikuwa na gazeti lake la Kiswahili, *Komkya*, lililoanza mwaka 1953. Lilikuwa sauti rasmi ya Baraza, na humo humo wasomaji waliandika barua wakibishana juu ya uongozi, uhuru na mabadiliko. Natamani nakala zake zilizosalia zipigwe picha na kuingizwa kwenye kompyuta, maana sijui hazina nyingine ya mlimani inayoweza kutuonyesha vizuri hivi namna chombo rasmi kilivyozungumza na wapiga kura, na namna wapiga kura walivyokijibu.

Majirani zetu wa Kenya nao walipitia hayo. Katika kura ya maoni ya Katiba ya mwaka 2005, upande wa Ndiyo ulipewa ndizi na upande wa Hapana ukapewa chungwa. Chungwa likashinda, na lilipoondoka kwenye karatasi ya kura likawa jina la chama, ODM, yaani Orange Democratic Movement. Walipopiga kura tena Agosti 4, 2010, matunda yaliwekwa kando, zikatumika rangi, kijani na nyekundu. Sasa jiulize mwenyewe, kwa mtu aliyezoea taa za barabarani, kijani kinamwambia nini na nyekundu inamwambia nini?

Mfano unaonipa moyo zaidi unatoka Uskoti. Serikali yao ilipotaka kuwauliza wananchi kuhusu kujitenga na Uingereza, ilipendekeza swali lenye maana hii: "Je, unakubali kwamba Uskoti iwe nchi huru?" Tume ya Uchaguzi ya Uingereza ililipeleka kwa wapiga kura wa kawaida, ikawasikiliza walivyolielewa, na Januari 2013 ikasema kwamba kule kuanza na "unakubali" kunamsukuma mtu kuelekea ndiyo. Ikashauri swali liwe fupi: Uskoti iwe nchi huru? Serikali iliyokuwa ikitamani uhuru huo ikakubali kubadili swali lake yenyewe, na kura ikapigwa Septemba 18, 2014. Miaka miwili baadaye Waingereza walipopiga kura ya kubaki au kutoka Umoja wa Ulaya, swali la Ndiyo na Hapana lililopendekezwa mwanzo nalo lilikuwa limeshabadilishwa kwa ushauri wa tume hiyo hiyo, ili pande zote mbili zitajwe kwa uzito mmoja.

Haya yanatuhusu moja kwa moja. Kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa ilipangwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa, na mjadala wa Katiba Mpya haujafa. Siku itakaporudi, kuna mtu ataandika swali, na mwingine ataandika kijitabu cha kulieleza. Zaidi ya hapo, sheria mpya ya uchaguzi ya mwaka 2024 imeondoa utaratibu wa mgombea kupita bila kupingwa. Akibaki peke yake, anapigiwa kura ya Ndiyo au Hapana. Naupenda utaratibu huo. Lakini kijarida kinachoufundisha kitachora karatasi ya mfano, na kwenye mfano huo lazima alama ya vema iwekwe mahali fulani. Ikiwekwa kwenye Ndiyo katika kila mchoro, kijarida kimeshampigia mgombea kampeni. Ni mchoro mmoja wa Ndiyo na mmoja wa Hapana, au hakuna kabisa.

Basi kompyuta inaingia wapi? Mtu mmoja makini anaweza kusoma kipeperushi kimoja na kuona kinakoegemea. Lakini msimu mmoja wa uchaguzi unazaa maandiko mengi mno: ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, ya halmashauri, ya wasimamizi wa majimbo, ya asasi zilizopewa kibali. Upendeleo wenye madhara hauonekani kwenye sentensi moja. Unaonekana sentensi elfu zikiwekwa pamoja na kuhesabiwa, na kuhesabu bila kuchoka ndiyo kazi ambayo mashine inaiweza kutushinda.

Hatua ya kwanza ni rahisi kiasi kwamba kijana wa kidato cha tano anaiweza. Andika tangazo kwenye jedwali la kompyuta, kila sentensi na mstari wake. Kando ya kila sentensi weka alama: hii inatoa haki, hii inatoa sharti, hii inatishia adhabu, hii inaeleza utaratibu tu. Mfanye kazi hiyo watu watatu, kila mmoja kivyake, kisha mlinganishe mahali mlipotofautiana na mkubaliane. Mkishafikisha sentensi mia kadhaa, programu inaweza kujifunza kutoka kwenu na kuzipanga zilizobaki, nanyi mnakagua kazi yake. Hapo mtaanza kuona picha. Huenda mkakuta kijarida kimoja kina vitisho vya faini na kifungo mara nyingi kuliko kinavyotaja haki, au kwamba haki za watu wenye ulemavu na za mama wajawazito, wasiotakiwa kupanga foleni, ziko mwishoni kabisa kwa herufi ndogo.

Kiswahili kina ugumu wake hapa, nao ni lazima tuujue kabla ya kuchukua programu yoyote iliyotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza. Tazama kitenzi "hawataruhusiwa". Ndani yake mna katazo, mna watu, mna wakati ujao na mna kauli ya kutendwa, vyote kwenye neno moja. Programu inayotafuta katazo kama neno linalosimama peke yake itapita bila kuona kitu. Bahati nzuri hatuanzi sifuri. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitumia miaka mingi kujenga mfumo uitwao SALAMA, unaochambua maneno ya Kiswahili vipande vipande. Wataalamu vijana wa Kiafrika wa mtandao wa Masakhane wamekuwa wakitengeneza data na modeli za lugha zetu, na Kiswahili kimo. Mwaka 2023 ulitolewa mkusanyiko wa AfriSenti, wenye maandishi ya mtandao wa Twitter yaliyowekewa alama za hisia katika lugha za Afrika 14, yetu ikiwa mojawapo.

Kauli ya kutendwa yenyewe inastahili kutazamwa. "Fomu haikupokelewa." "Kituo kimehamishwa." "Jina limeondolewa." Na nani? Inapozungumzwa wajibu wa mwananchi, mtendaji hutajwa waziwazi: mpiga kura ahakikishe, mpiga kura afike mapema, mpiga kura atunze kadi yake. Inapozungumzwa kasoro ya ofisi, mtendaji hupotea. Programu inayochambua vitenzi inaweza kupitia matangazo ya miaka kumi kwa dakika chache na kutuambia ni mara ngapi lawama imebaki haina mwenyewe. Jibu la swali hilo silijui, ila nina hakika kwamba inafaa kuliuliza.

Kipimo kingine nakipenda kwa sababu hakihitaji ujuzi wowote. Kinaitwa kubadilishana nafasi. Chukua sentensi, badili aliyetajwa, usome tena. "Wafuasi wa vyama vya upinzani wanaaswa kuepuka vurugu siku ya kupiga kura." Ibadili: "Wafuasi wa chama tawala wanaaswa kuepuka vurugu siku ya kupiga kura." Kama ya pili inakushtua na ya kwanza haikukushtua, umeugundua upendeleo, na kabla ya kuukuta kwenye tangazo umeukuta ndani yako. Kilichotakiwa kuandikwa ni "wafuasi wa vyama vyote". Fanya hivyo kwa wanaume na wanawake, kwa vijana na wazee, kwa mjini na vijijini. Mji wetu unaielewa tabia hii. Kwenye uonjaji wa kahawa, mwonjaji hupewa kikombe na namba, haambiwi kahawa imetoka kwenye kihamba cha nani, na ndiyo maana mkulima mdogo wa Kibosho anaweza kuamini daraja alilopewa.

Modeli kubwa za lugha, hizi za akili unde ambazo vijana wanazo kwenye simu zao, nazo zina nafasi. Ipe tangazo, kisha uiulize kama angeuliza mwananchi: nimepoteza kadi, niende kituoni au nisiende? Nimefika saa 10 jioni kasoro dakika tano na foleni ni ndefu, nitapiga kura? Ikijibu vibaya kutokana na tangazo lililoandikwa vibaya, kuna uwezekano mkubwa kwamba na watu wataelewa vibaya. Halafu waulize watu wenyewe, maana mashine inakisia tu.

Lazima niseme wazi pia mashine hizi zinapopotoka. Zimejifunza Kiswahili kutoka kwenye yale yaliyopatikana kwa wingi, yaani magazeti, tovuti, taarifa rasmi na maandiko ya dini. Kile zilichokiona mara nyingi ndicho zinachokiona cha kawaida. Kama kwa miaka mingi neno "wapinzani" limekaa jirani na neno "vurugu" kwenye habari, mashine imeujifunza ujirani huo na haitashtuka ikiuona kwenye tangazo. Upendeleo unaoshirikiwa na kila mtu hauonekani kwa mashine iliyolelewa na watu hao hao. Kwa hiyo isipewe uhakimu. Iachwe ituonyeshe mahali pa kutazama, na uamuzi ubaki kwa watu waliokaa pamoja na andiko mezani. Penye wengi hapaharibiki neno.

Na wengi hao wasiwe wasomi peke yao. Katika nyumba nyingi za huku juu, Rombo, Uru, Kilema, tangazo husomwa na mjukuu. Bibi anasikiliza, anauliza, na mjukuu anamweleza kwa Kichaga cha kwao. Kirombo si Kimachame, na sijaona kipeperushi kilichoandikwa kwa lugha hizo. Tafsiri inafanyika pale pale jikoni, na kinachomfikia bibi ni kile mjukuu alichoelewa. Ningependa vijana wawaombe bibi na babu zao ruhusa, warekodi maelezo hayo, kisha wayalinganishe na tangazo lenyewe. Je, "anaweza" imegeuka "lazima"? Kile kipengele cha kumruhusu mtu asiyeona kuja na msaidizi anayemwamini, au kutumia kifaa cha nukta nundu, kilifika au kiliachwa njiani? Hakuna programu niijuayo itakayokuambia hayo, kwa sababu Kichaga chetu hakimo kwenye mashine kwa kiasi cha kutosha. Masikio ya mjukuu ndiyo yatakayotufaa.

Mwaka 2024 ulitupa somo la wazi. Uandikishaji wa orodha ya wapiga kura wa serikali za mitaa ulifanyika Oktoba 11 hadi 20, chini ya TAMISEMI, kwa ajili ya uchaguzi wa Novemba 27. Wakati huo huo Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilikuwa kwenye uboreshaji wa Daftari la Kudumu, kazi iliyoanzia Kigoma Julai 20 na kuzunguka mikoa. Ni mamlaka mbili, na orodha mbili kwa chaguzi mbili, zote zikimwita mwananchi "ajiandikishe". Mtu aliyejiandikisha Oktoba ili amchague mwenyekiti wa kijiji aliweza kabisa kuamini kwamba amemaliza kila kitu. Mwingine mwenye kadi ya zamani aliweza kuamini kwamba uandikishaji huo wa Oktoba haumhusu. Hili lingeonekana mapema kama mtu angeyaweka matangazo ya pande zote mbili kwenye meza moja na kutafuta maneno yanayofanana yenye maana tofauti. Ni kazi ya mchana mmoja kwa mwanafunzi mwenye kompyuta.

Sasa niseme yale ambayo kazi hii haiwezi. Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 uliacha majonzi katika nchi yetu. Watu walipoteza maisha, na intaneti ikazimwa siku hiyo hiyo. Kwenye karatasi ya kura chama kikuu cha upinzani, CHADEMA, hakikuwamo. Kipeperushi chenye lugha safi kisingeyarekebisha hayo, na mtu asije kwenu akisema kwamba uchambuzi wa maneno ni badala ya haki. Programu inasoma kilichoandikwa. Haioni nafasi iliyo wazi ya yule asiyekuwamo kwenye orodha. Naamini hata hivyo kwamba jamii iliyozoea kusoma kwa makini na kuuliza kwa adabu inajenga uwezo ambao utahitajika kwa mambo makubwa zaidi. Na kuzimwa kwa intaneti kumetufundisha jambo la kiufundi: kazi hii ifanyike mapema, na vifaa vyake viwe kwenye kompyuta zetu wenyewe, viweze kufanya kazi bila mtandao.

Kwa hiyo nawaita kwa majina ya kazi zenu.

Walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi na wa Chuo Kikuu Katoliki cha Mwenge, mna kompyuta, mna maabara, na mna vijana wanaotafuta mada za utafiti wa mwisho wa shahada. Wapeni hii. Mwalimu wa Kiswahili akae na mwalimu wa kompyuta, maana kila mmoja peke yake atakosea.

Watangazaji wa redio, kuanzia Sauti ya Injili hadi vituo vya vijana, tunzeni matangazo ya uchaguzi mnayorusha. Tangazo la redio likishapita limepotea, wakati huku mlimani ndilo linalosikilizwa zaidi kuliko karatasi. Sauti hizo zikihifadhiwa zinaweza kugeuzwa maandishi na kusomwa pamoja na mengine.

Wazee wa usharika, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, maimamu, akina mama wa vikoba, nyinyi mnakutanisha watu kila wiki. Ninachowaomba ni dakika chache za kusoma tangazo moja kwa sauti na kuwauliza waliokaa: mmeelewa nini? Andikeni majibu kama yalivyosemwa, bila kuyasahihisha.

Watu wenye ulemavu na vyama vyenu, msingoje kualikwa. Hakuna anayejua kuliko nyinyi ni wapi tangazo linawasahau.

Wanasheria vijana, wasaidieni wenzenu na taratibu. Anayetaka kutoa elimu ya mpiga kura anahitaji kibali cha Tume, na kikundi cha kusoma matangazo kisivuke mpaka huo bila kibali. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwenye taasisi ya umma, na taasisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Itumieni kuomba vipeperushi na mabango ya miaka iliyopita. Na zingatieni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tunakusanya matangazo ya umma. Hatukusanyi majina ya watu, namba za kadi wala orodha zilizobandikwa vituoni. Anayeleta orodha hizo arudi nazo.

Mkishapata matokeo, yapelekeni kwanza kwa aliyeandika tangazo, msimamizi wa uchaguzi au Tume yenyewe, kwa barua ya heshima yenye sentensi ya zamani upande mmoja na sentensi mnayopendekeza upande wa pili. Afisa aliyepewa sentensi iliyo tayari ana cha kufanyia kazi; aliyepewa lawama tupu atajitetea tu. Yachapisheni pia mahali watu wote wanapoweza kuyaona, yakiwemo yale mliyokuta ni mazuri, maana matangazo mazuri yapo na waandishi wake wanastahili kushukuriwa. Na yeyote atakayetaka kutumia kazi hii kukisema vizuri chama chake, awe wa chama gani, mwambieni hapana.

Wewe unayesoma hapa, anza na ubao wa ofisi ya kata yako. Kama kuna tangazo lolote la uandikishaji au la uchaguzi, lipige picha, liandike neno kwa neno, na umsomee mtu mmoja ambaye hajasoma sana. Muulize amesikia nini, uandike jibu lake kando. Tafuta wenzako wawili wafanye hivyo kwenye kata zao, mmoja awe wa chama usichokipenda. Uchaguzi wa serikali za mitaa unaofuata ni mwaka 2029 na uchaguzi mkuu ni 2030, na kura ya maoni ya Katiba inaweza kuja kabla ya hapo. Tukianza sasa, muda unatosha.